Mtoto mwenye usonji asiyesema: andika choo chake kwenye kalenda

Kama mtoto wako ana usonji na hawezi kukuambia tumbo linamuuma, tundika kalenda ya ukutani karibu na choo, na peni uifunge kwa uzi. Kila siku andika: ameenda choo au la, kilikuwaje (kigumu kama cha mbuzi, laini, majimaji), saa alizolia, kujipiga au kukesha, na kama ameegemeza tumbo kwenye kitu. Hilo la mwisho usilipuuze hata kidogo. Wangu alikuwa akijilaza juu ya mkono wa kochi, anausukuma tumboni mpaka vidole vya miguu vinaacha sakafu, nasi hapa Kisumu tukidhani ni mchezo wake tu. Baada ya wiki 2, kalenda ilionyesha kwamba vurugu zilikuja akikaa siku 3 bila choo. Daktari alizipitia zile karatasi, akampapasa tumbo, akaanza kumtibu kufunga choo.

Majimaji nayo si lazima yawe kuhara. Choo kigumu kikiziba, chepesi huvuja pembeni, kwa hivyo usikimbilie dawa ya kuzuia kuhara.

Kalenda haifai sana kwa kiungulia, maana choo chaweza kuwa cha kawaida kabisa. Hapo tazama kama analia baada ya kula au akilazwa chali. Jino na sikio pia huleta vurugu zile zile. Ukiona damu kwenye choo, matapishi ya kijani au tumbo limevimba na kukaza, achana na kalenda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.