Kabla Hujaenda Gir Kuwaona Simba wa Asia

Anza na tarehe. Msitu wa Gir, jimbo la Gujarat nchini India, hufungwa Juni 16 hadi Oktoba 15 kwa sababu ya mvua. Usikate tiketi ya ndege kabla ya kuziangalia tarehe hizo. Desemba na Januari beba sweta, magari hayana paa na alfajiri ni baridi. Aprili na Mei beba maji na kofia. Pombe isahau, Gujarat imeipiga marufuku.

Sasa kibali. Pale Sasan, kijiji cha kuingilia msituni, kuna safari mbili, na wauzaji huziita zote Gir. Ya kwanza inaingia msituni kwa jipsi, gari la wazi kama jipu, lenye mwongozaji. Ya pili ni Devalia, eneo la hekta 400 hivi lililozungushiwa uzio, ambako wengi hupakiwa kwenye basi. Zote ni halali, ila si kitu kimoja. Niliiona familia moja kwenye dawati alfajiri, wazee wao wamejifunika shali, baba ameshika karatasi aliyouziwa na wakala. Karani akaisoma, akamrudishia: ni ya Devalia. Vibali vya msituni vya siku ile vimekwisha, na treni yao ni jioni. Baba akabaki kuigeuza ile karatasi, huku jipsi za wenzao zinaondoka. Kwa hiyo nunua kibali mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, mapema. Kikiandikwa Devalia, ujue si msituni. Jina na namba ya pasipoti vilingane herufi kwa herufi, na pasipoti yenyewe uwe nayo mkononi.

Jua pia unamwendea nani. Simba hawa waliwahi kuenea hadi Uajemi, wakawindwa mpaka wakasalia Gir tu, wachache mno, ndipo Nawabu (mtawala) wa Junagadh akawalinda. Hifadhi ilitangazwa 1965, ikawa na hifadhi ya taifa ndani yake 1975. Sensa ya 2020 ilihesabu simba 674, ya 2025 ikahesabu 891. Usitafute manyoya mazito kama ya dume wa Serengeti: huyu masikio yake yanaonekana, na tumboni ana mkunjo wa ngozi.

Usitupe chakula. Mwaka 2018 zaidi ya simba 20 walikufa katika wiki chache, na miongoni mwa sababu ni kirusi cha ugonjwa wa mbwa. Mabaki yako huwavuta mbwa wa vijijini.

Ukipita Jambur au Sirvan utakutana na Wasiddi, wazawa wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita. Salimia kwanza, omba ruhusa, kamera baadaye.

Akija mtu hotelini kukuahidi simba usiku kwa bei nafuu, kataa. Huwategeshea mnyama hai, na ni kosa la jinai. Usishuke garini. Usitembee kandokando ya mashamba gizani, kuna chui, na visima visivyo na ukingo ni vingi.