Kufufua bodi ya nyuma ya Land Rover 109: anza na maungio, mabonyeo yatasubiri

Land Rover za Series, tangu ile ya 1948 hadi Series III iliyokoma 1985, zilivikwa aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Ndiyo maana kila mwenye 109, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, amewahi kuambiwa kwamba bodi yake haishiki kutu. Ni kweli, lakini inaliwa. Aluminiamu ikigusana na chuma, na katikati pakawa na unyevu wenye chumvi, hapo panafanyika betri ndogo, na inayolika ni aluminiamu. Kinachotoka ni unga mweupe kama chokaa, unaovimba na kuinua rangi. Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Unguja utalikuta limetoboka kwenye mistari ya ribiti, yaani vipini vya kubana bati kwa bati, huku ubavu wenyewe ukiwa mzima kabisa.

Ukianza na mabonyeo kwa sababu ndiyo yanayoonekana, utapiga rangi mara mbili.

Hatua ya 1: Tafuta ubovu ulipo

Ingia chini na bisibisi bapa. Chokoa krosimemba ya nyuma, yaani ule mhimili wa chuma uliokingama mwisho wa chesisi. Chokoa hasa juu yake, pale sakafu ya bodi inapokalia, maana tope hujaa humo na halikauki. Halafu chokoa mataruma ya chuma, yaani pau zinazobeba sakafu kwa chini. Mwisho, kagua mikanda ya bati lenye zinki iliyovikwa kwenye kingo na pembe za bodi. Zinki ikiwapo ndiyo inayojitoa mhanga kwa ajili ya aluminiamu. Ikishaisha, chuma kilichobaki kinageuka adui. Mkanda wenye madoa mekundu uhesabu kuwa umekufa, hata kama bado umeshika.

Hatua ya 2: Kuvua

Chomoa waya wa hasi wa betri na wa altaneta. Kwenye 109 ya abiria tanki la mafuta liko nyuma, mbele kidogo ya krosimemba. Lishushe na ulitoe nje ya karakana kabla ya greinda au kuchomelea. Usidhani tanki tupu ni salama, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka.

Bolti za Series III nyingi ni za nyuzi za inchi. Bolti ya 1/4 inataka spana ya 7/16, na ya 5/16 inataka ya 1/2. Spana namba 13 inaingia kwenye ya 1/2 lakini inacheza, na kwenye bolti iliyoganda itakula kichwa. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, ufungue asubuhi. Inayogoma ikate, usiisokote hadi ivute bati.

Ribiti hazing'olewi kwa tindo. Toboa kichwa kwa keekee ya milimita 5, kisha sukuma shina litoke. Tindo inapanua tundu, na tundu lililopanuka halishiki tena ribiti ya milimita 4.8.

Hatua ya 3: Chuma kwanza

Krosimemba iliyooza ikatwe hadi kwenye chuma kizima na iwekwe mpya. Kabla ya kukata, chomelea pau ya muda kati ya mihimili miwili ya chesisi, kisha pima pembe kwa pembe, kutoka tundu la kulia mbele hadi la kushoto nyuma na kinyume chake. Andika vipimo. Baada ya kushikiza kipya kwa nukta chache, pima tena kabla hujamaliza kuchomelea. Tofauti ya milimita 5 hapa utakuja kuiona kwenye milango ya nyuma.

Mataruma au mikanda yenye zinki, saga zinki sentimita 3 kila upande wa mshono kabla ya moto. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku wake. Fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni kwako.

Hatua ya 4: Kunyoosha aluminiamu

Hapa ndipo fundi bodi aliyezoea Toyota anapoharibu. Aluminiamu hii huwa ngumu kila inapogongwa. Bonyeo la zamani tayari limeshakuwa gumu, na ukilipiga nyundo ya chuma litapasuka au litatanuka likawa linapwaya, ukilibonyeza "pwaka", ukiachia "pwaka".

Lilainishe kwanza. Ondoa rangi yote pande mbili hadi bati litoke jeupe. Chukua sabuni ya mche, ile kavu, paka juu ya bonyeo kama unayechora kwa chaki. Kutoka upande wa pili, pitisha moto laini wa gesi, ukizungusha bila kusimama mahali pamoja. Tazama sabuni: itakuwa ya njano, kisha kahawia, kisha itaelekea kuwa nyeusi. Ikifika hapo, ondoa moto. Usisubiri bati liwe jekundu. Aluminiamu haioneshi rangi ya moto kama chuma. Ikikaribia nyuzi 600 inadondoka tu, na unabaki na tundu la kuingiza ngumi.

Likipoa, weka mfuko wa mchanga nyuma yake na ugonge kwa nyundo ya mbao au ya plastiki, ukianzia ukingoni mwa bonyeo na kuzunguka kwenda katikati. Likianza kurudisha nyundo kwa ukali, limeshakuwa gumu tena, basi rudia sabuni na moto. Bonyeo la pembeni, kwenye kona ya taa, mara nyingi linataka raundi 2 au 3.

Mwisho wa ufa wowote, toboa kitundu cha milimita 3. Bila hicho ufa utaendelea kutembea chini ya kiraka.

Hatua ya 5: Kiraka

Tumia bati la aluminiamu la 5251 H22, ambalo ndilo linalokaribia lile la kiwandani. 5052 pia linafaa. Unene pima kwa kaliper, kwa kawaida ni kati ya milimita 1.2 na 1.6. Bati la kuezekea ni jembamba mno, liache paani.

Kiraka kipite tundu kwa milimita 25 kila upande, na pembe zake ziviringwe kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanzisha ufa. Ribiti za aluminiamu za 4.8, tundu la 4.9, ziachane milimita 30, na zikae si chini ya milimita 10 kutoka ukingoni. Mabati mawili yenye jumla ya milimita 3 yanatoshwa na ribiti ya 4.8 × 8.

Hatua ya 6: Tenganisha

Hii ndiyo kazi yenyewe. Popote chuma kinapokutana na aluminiamu, kila upande upate praima ya epoksi, ikauke, kisha katikati papakwe gundi ya poliyurethani ya magari. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse, asidi yake inakula yote mawili. Bolti ziwe za zinki, na washa za plastiki chini ya vichwa. Gundi iliyotoka pembeni ifute, lakini usizibe vitundu vya kutolea maji sakafuni.

Hatua ya 7: Rangi

Msasa wa 180 kwenye aluminiamu, futa kwa tina, piga epoksi siku hiyohiyo. Brashi ya waya iliyotumika kwenye chuma isiguse aluminiamu, inaacha chembe zitakazoota kutu ndani ya rangi. Puti ije juu ya epoksi, isizidi milimita 3. Juu ya praima ya asidi puti haishiki, inabanduka kama ganda.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kiraka kwa nini kisichomelewe? Ribiti naona kama ushamba.

Kiwandani kwenyewe walitumia ribiti na nukta za kuchomelea, kwa hiyo ribiti ndiyo asili yake. Mashine ya vijiti ya kawaida haifai kabisa kwa bati hili. Ukimpata fundi wa TIG (mashine ya kuchomelea kwa sindano ya tungsteni na gesi) yenye mkondo geu, sawa, ila akuchomelee ufa mfupi tu. Mshono mrefu kwenye ubavu bapa utaukunja wote.

Swali: Sakafu yangu imeisha. Naweza kuweka bati la chuma la milimita 2? Nabebea saruji.

Litabeba, ila uzito ni karibu mara 3 kwa unene uleule, na utakuwa umeongeza chuma kinachogusana na aluminiamu kuzunguka sakafu nzima. Bora urudishe aluminiamu, uongeze taruma moja katikati, na juu utandike mbao za kutoa. Mifuko ya saruji ikae juu ya mbao.

Swali: Fundi, nilipiga rangi mwaka jana, imevimba tena palepale chini ya mkanda wa kona. Rangi feki?

Mkanda uliuvua?

Swali: Sikuuvua, nilisaga tu pembeni.

Basi rangi haina kosa. Unga mweupe umebaki chini ya mkanda na unaendelea kula. Toboa ribiti, vua, safisha pande zote mbili, kisha rudi hatua ya 6.

Swali: Nimebadili krosimemba, sasa mlango wa nyuma unagusa juu upande wa kushoto.

Kwanza pima pembe kwa pembe. Vipimo vikilingana, bodi imefungwa ikiwa imejipinda. Legeza bolti zote za bodi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si kwenye jeki. Angalia ni kikalio kipi kina uwazi, jaza kwa washa bapa hadi uwazi uishe, halafu kaza ukianza na za katikati. Bawaba za mlango ziguse mwisho kabisa.