Corolla 110: feni ya rejeta haizunguki? Chomoa soketi kwanza

Dalili unaijua. Gari likitembea, mshale wa joto umetulia. Ukikwama kwenye foleni ya Mwenge, unaanza kupanda, na ukifungua boneti unakuta feni imelala. Mafundi wengi hapo hukata waya na kuipiga feni "dairekti", izunguke muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Gari litapoa, sikatai, lakini ubovu umefukiwa tu.

Ninayoeleza ni ya Corolla za zamani, za 100 na 110 zenye injini kama 5A. Andaa mita ya kupimia umeme, vipande viwili vya waya mnene na balbu ya zamani ya taa kubwa iliyoungwa nyaya zake.

Kwanza, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua rejeta uone kama maji yamejaa. Swichi ya joto hufanya kazi ikiwa imezama. Maji yakipungua inabaki kwenye mvuke na haisomi inavyotakiwa. Niliwahi kubadilisha swichi ya mteja, kumbe rejeta ilikuwa nusu. Aibu yangu.

Hatua ya pili ndiyo yenyewe. Tafuta swichi ya joto ya feni, imefungwa kwenye njia ya maji ya injini. Usiichanganye na sensa ya mshale. Washa ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, injini usiiwashe. Weka vidole mbali na mapanga, kisha chomoa soketi ya swichi. Feni inatakiwa izunguke papo hapo.

Ndiyo, kwa kuchomoa. Magari mengi ni kinyume, na hapo ndipo watu hupotea. Kwenye Corolla hii, swichi ikiwa baridi inapitisha umeme, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inavuta, na kuvuta kwake ndiko kunakoikata feni. Maji yakifika kama nyuzi 93, swichi inaachia, rilei inalala, feni inapata umeme. Faida yake: waya wa swichi ukikatika njiani, feni inazunguka tu na injini haiungui. Kwa hiyo feni isiyozima hata alfajiri, anza kukagua waya huo na kutu kwenye soketi yake.

Ikizunguka ulipochomoa, mota, fyuzi na rilei ni vizima. Mbovu ni swichi. Ukitaka uhakika, ichovye kwenye sufuria ya maji ya moto huku umeipima kwa mita: chini ya nyuzi 83 ipitishe, ikivuka 93 ikate.

Isipozunguka, angalia fyuzi, halafu ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikikataa, kaboni (brashi za ndani ya mota) zimekwisha au mota imeungua.

Mota ikizunguka kwa betri, rudi kwenye soketi yake, swichi ya joto ikiwa bado imechomolewa na ufunguo umewashwa. Hapa mita itakudanganya. Waya ulioliwa na kutu, ukabaki na uzi mmoja, utakuonyesha volti 12 safi, lakini ukiudai uzungushe mota unanywea. Ndiyo maana natumia balbu: ya wati 55 inavuta zaidi ya ampea 4. Ikiwaka kwa unyonge, fuata waya mpaka kwenye kutu, upande wa bodi pia. Isipowaka kabisa, chomoa rilei uipime.

Rilei ya feni hii ikiwa mkononi, haina umeme, miguu yake mikubwa lazima ipitishe. Ukiipa volti 12 kwenye miguu mingine, ikate. Kuna waliowekewa rilei ya kawaida ya dukani kwa sababu miguu iliingia. Gari la hivyo lililetwa kwangu na mwenyewe akiapa kwamba lina jini: asubuhi feni inavuma, likichemka inazima. Nilibadilisha rilei tu.