Ndani ya gari la zamani: anza na mikanda, urembo baadaye

Watu wengi wakipata gari la zamani wanakimbilia dashibodi na siti, mikanda ya usalama inafutwa juujuu na kitambaa basi imetoka. Mimi nasema mikanda ndo iwe ya kwanza, maana paneli ya mlango ikikushinda utakaa nayo hivyohivyo na gari litatembea, ila mkanda ukikatika siku ya ajali hapo hakuna tena cha kurekebisha.

Vuta mkanda wote hadi mwisho alafu ubane na klampu pale unapotokea kwenye rola (kile kikasha kinachoukunja mkanda) usirudi ndani. Washa taa ya kutosha, pitisha vidole taratibu kwenye kingo zote mbili. Unatafuta nyuzi zilizokatika, kingo zilizoota manyoya, sehemu iliyokakamaa. Linganisha kipande kinachokaa ndani ya rola siku zote na kile kinachopigwa jua, ukikuta tofauti kubwa ya rangi na ugumu jua limeshakula nyuzi zenyewe, hapo usijisumbue kufua wala kushona, peleka kwa fundi wa mikanda aweke utepe mpya au nunua mzima mpya. Na kama gari liliwahi kupata ajali kubwa badilisha seti nzima hata kama inaonekana safi.

Mkanda ukiwa mzima, fua na maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, brashi laini, unasugua kufuata urefu. Jiki hapana, rangi ya nguo hapana, zote zinaweza kudhoofisha nyuzi. Acha ukauke kabisa ndo uuachie, ukirudi mbichi unaenda kuotesha ukungu na kutu ndani ya rola. Mkanda unaorudi kwa uvivu mara nyingi spring haina shida, ni uchafu uliogandia kwenye kile kitanzi cha begani, futa na kitambaa chenye spiriti utaona unavyokimbia. Kasha la rola usilifungue, ile spring imejikaza na ikifyatuka itakuumiza.

Kitu kingine kinachowachanganya watu: rola ikiwa mezani inagoma kutoka kabisa, mtu anaitupa akidhani imekufa. Nyingi zina kidude ndani kinachohisi gari likiinama au likifunga breki kali, sasa ukiilaza tu inajifunga. Ishike kwa mkao uleule inavyokaa kwenye gari alafu vuta polepole.

Bolti zake usibadilishe na bolti yoyote uliyookota, ni za chuma kigumu na magari mengi yanatumia za kipenyo cha inchi 7/16 zenye nyuzi (meno ya bolti) 20 kwa inchi. Funua kapeti uangalie bati pale bolti inapoingia, likiwa limeoza mkanda mpya hausaidii kitu. Gari la kabla mkanda wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni, haujaenea (Volvo ndo waliuleta 1959, kazi ya Nils Bohlin) huenda halina hata tundu, na hapo usitoboe bati jembamba ukafunga tu, lazima fundi achomelee bati nene la kushikia.

Sasa paneli za milango. Piga picha kwanza, skrubu za kila mlango ziwe na mfuko wake ulioandikwa. Toa mpini wa kioo na kishikio, skrubu nyingine zimejificha nyuma ya vifuniko vidogo, kama paneli inagoma ujue kuna moja hujaiona, usiilazimishe. Ingiza kabari ya plastiki karibu kabisa na klipu ndo unyanyue, bisibisi inachubua rangi na kuchana ubao. Ubao ukiwa umevimba chini basi nailoni ya nyuma imechanika na maji ya mvua yanaingia, chora umbo lake kwenye ubao mpya, kata, hamishia vinili ya zamani ukiipasha na draya ya nywele ilainike, na nailoni mpya lazima, bila hiyo utarudia kazi.

Dashibodi na vinili safisha na sabuni hiyohiyo. Zile poda na mafuta ya silikoni ya kung'arisha mimi sitaki kuziona, zinaakisi kwenye kioo cha mbele na siku ukitaka kubandika kitu gundi haishiki.

Kapeti inaingia kabla ya siti na bolti za mikanda. Tundu zake usitoboe na drili, inakamata uzi mmoja na kufumua mstari mzima, tumia msumari uliopashwa moto au kata msalaba mdogo na wembe, alafu hakikisha kapeti haijabanwa kati ya bolti na bati.