Somo: Jua kama saa janja na simu yako zitaelewana kabla hujalipa

Malalamiko huwa ni yale yale: mtu amenunua saa janja barabara ya Luthuli, Nairobi, imewaka vizuri, kioo kinang'aa, lakini imekataa kushikana na simu. Akirudi dukani anaonyeshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Na mara nyingi saa haina kasoro yoyote. Imeangukia tu mtu mwenye simu isiyoifaa.

Ndiyo maana somo hili linaanza na simu. Rangi ya mkanda na ukubwa wa kioo tutaviacha kwa muuzaji, hiyo kazi anaiweza.

Hatua ya 1: Ijue simu yako

Fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu Simu, uandike mambo matatu: toleo la Android au iOS, kiasi cha RAM (kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi), na kama kuna neno Go, yaani Android nyepesi ya simu ndogo, karibu na neno Android. Simu nyingi za bei nafuu, hasa za itel na zile za Tecno Pop, zina Go.

Kaneno hako kana uzito. Wear OS, mfumo wa saa wa Google, haukubali simu za Android Go. Tena simu yenye RAM ndogo ikiwa na Android 10 au ya nyuma yake, mfumo wenyewe unazuia programu nyingine kusoma arifa. Saa itahesabu hatua zako na kukuonyesha saa, lakini WhatsApp haitafika mkononi ufanye ufanyavyo. Hapo usimlaumu muuzaji wala fundi.

Hatua ya 2: Jua saa ni ya ukoo gani

Apple Watch ni ya iPhone tu. Tangu itoke mwaka 2015 haijawahi kufanya kazi na Android, na ukiambiwa kuna programu ya kuilazimisha, shika mfuko wako. Hata kwa mwenye iPhone kuna umri wa kuangalia: saa iliyopandishwa hadi watchOS 11 inataka iPhone XS, XR au ya baadaye, na watchOS 26 inataka iPhone 11 kwenda mbele. Mwenye iPhone 8 ya ex-UK, yaani ya mtumba kutoka Uingereza, asikimbilie saa mpya.

Samsung inachanganya watu kwa sababu ilibadilika katikati. Galaxy Watch3 na Active2 zinatumia Tizen, mfumo wa saa wa Samsung yenyewe, nazo zilikubali iPhone. Kuanzia Galaxy Watch4, Agosti 2021, Samsung ilihamia Wear OS na mlango wa iPhone ukafungwa. Jina ni lile lile, tofauti ni namba moja tu. Galaxy Watch7 inataka Android 11 kwenda juu, RAM ya GB 1.5 au zaidi, na huduma za Google ndani ya simu, kwa hivyo Huawei mpya zisizo na Google hazimo. Pixel Watch nayo ni ya Android pekee.

Halafu kuna zisizobagua: Garmin, Amazfit, Fitbit, Huawei, Xiaomi (isipokuwa zake za Wear OS), Oraimo. Hizi hushikana na Android na iPhone kwa sababu kila moja ina programu yake pande zote mbili. Ukiniuliza mimi, mtu anayebadilisha simu kila mara, leo Infinix, kesho iPhone ya mtumba, anunue za kundi hili na asisumbuke.

Mwisho ni zile za elfu mbili, zenye umbo la Apple Watch Ultra na majina yasiyoisha. Nyingi hukubali simu zote. Shida yake iko kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Pakua programu ukiwa bado dukani

Bando la shilingi ishirini linatosha kukuokoa elfu kadhaa. Mwambie muuzaji afungue boksi, tafuta jina la programu kwenye kijitabu, uitafute Play Store au App Store hapo hapo. Huawei hutumia Huawei Health, ambayo kwa Android kampuni yenyewe inakuelekeza uichukue AppGallery au kwenye tovuti yake. Amazfit ni Zepp, Xiaomi ni Mi Fitness, Garmin ni Garmin Connect. Za bei rahisi utakutana na Da Fit, FitPro, HryFine na nyingine za namna hiyo.

Kama kijitabu kina msimbo wa QR unaokupeleka kupakua faili pembeni ya Play Store, simama kwanza. Programu ya saa inaomba kusoma ujumbe wako, majina ya simu na mahali ulipo. Ya saa ya elfu mbili, isiyo na mwenyewe anayejulikana, mimi siiweki kwenye simu yenye M-Pesa.

Hatua ya 4: Unganisha kupitia programu

Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu anafungua Bluetooth ya simu, anaona jina la saa, analigusa, inaandika imeunganishwa. Halafu programu haiioni saa hata kidogo, kwa sababu imeshashikwa kwingine.

Kama umeshafanya hivyo, nenda kwenye Bluetooth, gusa jina la saa, chagua kuisahau. Kisha fungua programu, ongeza kifaa kutoka mle ndani. Kwa Android 11 na za nyuma, washa pia mahali ulipo, maana bila hiyo simu haitafuti vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu. Android 12 na kuendelea inakuomba ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, nawe ukubali.

Saa zenye spika ya kupokea simu huwa na majina mawili: moja la data, ambalo programu hulishika, na jingine la sauti, ambalo ndilo la kuunganisha kwenye Bluetooth ya kawaida. Ukishaliunganisha hilo la pili, gusa alama iliyo pembeni yake, sauti ya simu ibaki imewashwa, ya midia uizime. La sivyo video ya TikTok itapiga kelele kutoka mkononi mwako ndani ya matatu nzima.

Hatua ya 5: Ruhusa na betri

Kwa Android, mpe programu ya saa ruhusa ya kusoma arifa. Kama uliipakua pembeni ya Play Store na una Android 13 au zaidi, kitufe cha ruhusa kitakuwa kimefifia na simu itasema mpangilio huo umezuiwa. Zuio hilo huondolewa kwenye ukurasa wa maelezo ya programu, kwa vile vitone vitatu vya juu kulia. Simu imekuwekea kizuizi hicho makusudi, kwa hivyo rudi usome tena mwisho wa Hatua ya 3.

Tecno, Infinix na itel zina tabia ya kuua programu zinazokaa nyuma ili kulinda betri. Asubuhi saa inafanya kazi, ikifika saa nne imenyamaza. Ruhusu programu ijiwashe yenyewe, ondoa kikomo cha betri juu yake, na uifunge kwa alama ya kufuli kwenye orodha ya programu zilizo wazi ili isifagiliwe.

Kwa iPhone na saa isiyo ya Apple: Mipangilio, Bluetooth, gusa i kando ya jina la saa, washa kushiriki arifa za mfumo. Na usiifukuze programu kwa kuitelezesha juu. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanaokoa betri, kisha wanashangaa hatua hazijaingia.

Hatua ya 6: Jaribu na M-Pesa

Mwombe mtu akutumie shilingi kumi. Ujumbe usipofika kwenye saa huku WhatsApp inafika, rudi kwenye orodha ya arifa ndani ya programu, huenda hujaiwasha ile ya SMS. Ukifika, fikiria kama kweli unataka salio lako lisomeke na jirani wa kiti cha matatu. Saa nyingi zinakuwezesha kuficha maneno hadi uguse. Na lile dirisha la kuweka PIN linaloruka ukilipa halitakuja kwenye saa. Linatoka kwenye laini, utalijibu kwenye simu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shangazi yangu aliye Marekani amenitumia Apple Watch lakini nina Infinix. Hakuna njia kabisa?*

Kwa Infinix, hakuna. Mwenye iPhone anaweza kumwandalia saa mtu wa familia asiye na iPhone, lakini ni zile zenye uwezo wa laini tu, tena bado haitasoma arifa za Infinix. Iuze, ndugu yangu, ila mwambie shangazi kwanza aitoe kwenye akaunti yake. Asipoitoa, kila atakayeinunua ataulizwa nenosiri la shangazi. Na anayenunua ya mtumba asiridhike na kuona ukurasa wa kukaribisha: aianze kuiunganisha na iPhone yake mwenyewe kabla hajatuma pesa.

*Mkubwa, niko na iPhone 12. Kuna jamaa ananiuzia Active2 kwa bei ya kutupa. Nichukue?*

Itashikana. Lakini Samsung imefunga duka la programu za saa za Tizen mwaka 2025, kwa hivyo utakachoikuta nacho ndicho utakachobaki nacho. Kwa hesabu za hatua na arifa, sawa. Kwa zaidi ya hapo tafuta Amazfit.

*Naomba kujua saa nzuri ya kupima sukari. Mama yangu yuko Kisii na amechoka kudungwa kidole.*

Dada, pole kwa mama. Saa hiyo haipo. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya waziwazi dhidi ya saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa kuwa haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa akipanga dawa kwa namba za uongo anaweza kuzidisha dozi na sukari ikashuka vibaya. Kuna kihisi kinachobandikwa mkononi chenye sindano ndogo inayoingia chini ya ngozi, na baadhi yake hutuma namba kwenye simu. Hicho muulize daktari wake. Presha nayo: Galaxy Watch hupima ikiwa na simu ya Samsung pekee, tena unairekebisha kwa mashine ya kawaida ya mkono kila baada ya siku 28. Mashine hiyo ndiyo ungemnunulia kwanza.

*Nakimbia msitu wa Karura kila Jumamosi na Garmin. Nikihama kutoka Android kwenda iPhone nitapoteza rekodi zangu?*

Hapana, zimekaa kwenye akaunti yako ya Garmin. Ingia kwa barua pepe ile ile, na Strava, ile programu ya wakimbiaji, itaendelea kupokea. Utakachopoteza ni kujibu ujumbe kutoka kwenye saa: Android inaruhusu majibu mafupi, iPhone hukuachia kusoma tu.

*Chaja ya saa yangu ya bei rahisi imepotea, ile ya sumaku yenye pini mbili. Ya rafiki yangu inashika lakini haichaji. Kwa nini?*

Nafasi kati ya pini hutofautiana: kuna za milimita 2.84 na za milimita 4, na sumaku inaweza kushika hata pini zisipogusana. Usibahatishe kwa picha za mtandaoni. Ibebe saa yenyewe hadi dukani, iwekwe juu ya chaja, na usilipe mpaka uone alama ya betri.