Somo: Ureno kwa wawili, kutoka Porto hadi Lisbon kwa treni

Wanandoa wengi wanaopanga safari ya Ulaya huanza na Paris, wakaongeza Roma, wakachomeka na Barcelona, mwishowe likizo yote inaishia kwenye foleni za viwanja vya ndege na ugomvi wa mabegi. Ushauri wangu ni huu: chagueni nchi moja na reli moja. Ureno inafaa sana kwa hilo. Porto iko kaskazini, Lisbon kusini, Coimbra katikati, na treni ya haraka huunganisha miji hiyo mikubwa miwili kwa takriban saa tatu. Wiki moja na ushei inatosha.

Hatua ya 1: Viza

Ni viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudi hata mkinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini msisubiri hizo 15. Karibu na kiangazi nafasi za miadi huwa adimu. Kila mmoja anajaza fomu yake. Bima ya safari ifikie angalau yuro 30,000. Kama mmoja ndiye anayegharamia, ambatanisheni cheti cha ndoa, barua ya kuthibitisha hilo na taarifa zake za benki. Akaunti iliyolala miezi yote kisha ikajaa ghafla wiki ya maombi huzaa maswali, kwa hiyo msikope hela za kuonyesha.

Hoteli wekeni nafasi inayofutika bila gharama. Tiketi ya ndege isiyorudishika isilipiwe kabla ya viza.

Hatua ya 2: Ndege

Ingieni Porto, tokeni Lisbon. Mnapotafuta tiketi chagueni "miji mingi" badala ya "kwenda na kurudi". Kwa njia ya Istanbul inawezekana pande zote mbili, na mnaokoa siku nzima ya kurudi mlikotoka.

Hatua ya 3: Porto

Siku mbili hivi. Anzeni stesheni ya São Bento, hata kama hampandi treni: ukumbi wake umefunikwa vigae vya buluu na nyeupe, kama 20,000, vilivyochorwa vita na misafara ya wafalme. Kisha vukeni daraja la Dom Luís I kwa miguu, ghorofa ya juu, jioni. Lilifunguliwa 1886, na huko juu mnatembea sambamba na treni ya metro, mto Douro uko chini kabisa. Ng'ambo ya pili ni Gaia, kwenye maghala ya mvinyo. Asiyekunywa asijisikie mnyonge, mandhari ya Porto kutokea upande ule ni bure.

Hatua ya 4: Treni na Coimbra

Tiketi za shirika la reli, CP, hushuka bei zikinunuliwa mapema. Treni za masafa hutokea Campanhã, si São Bento. Kati ya stesheni hizo mbili kuna treni ya mjini ya dakika chache. Coimbra ni saa moja hivi. Chuo kikuu chake kilianzishwa 1290, na ndani yake mna maktaba ya Joanina ambamo popo wanaishi na kula wadudu waharibifu wa vitabu. Usiku meza hufunikwa ngozi kwa sababu ya kinyesi chao. Saa chache zinatosha, jioni mpo Lisbon.

Hatua ya 5: Lisbon, na dhahabu ya Kilwa

Hapa msiharakishe. Watalii wote hukimbilia kitongoji cha Belém, nanyi mtakwenda: tramu namba 15, monasteri ya Jerónimos, kisha vitumbua vyao vya krimu vinavyookwa mtaa uleule tangu 1837. Ndani ya kanisa la monasteri, kushoto mnapoingia, yupo Vasco da Gama kwenye kaburi la mawe. Ndiye yule aliyetia nanga Malindi 1498. Mnara wa Belém ulifungwa 2025 kwa ukarabati, kwa hiyo hakikisheni kwanza. Binafsi naona nje panatosha.

Kitu ambacho mtu wa pwani yetu hapaswi kukikosa kiko kwingine, kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa la Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Mwaka 1502 da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa dhahabu. Kwa dhahabu hiyo mfalme Manuel I aliagiza monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi kanisani, kikakamilika 1506. Sogeeni karibu. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo kama vidole, nguo zao zimetiwa rangi. Kwenye kitako kuna ndege, maua na konokono, na maandishi yanayosema bila kificho kwamba imetengenezwa kwa dhahabu na kodi ya Kilwa, iliyoandikwa "Qvilva". Majumba mengi hufungwa Jumatatu, na kumbi nyingine huwa kwenye matengenezo, kwa hiyo angalieni tovuti yao kabla ya kutoka hotelini.

Hatua ya 6: Sintra, kwenda na kurudi

Treni kutoka stesheni ya Rossio, Lisbon, hadi mji wa Sintra, kama dakika 40. Tiketi ya kasri la Pena ina saa, na saa hiyo ni ya mlango wa kasri, si wa bustani. Kutoka geti hadi mlangoni ni kupanda kilima kama nusu saa. Wengi hukwama hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Shikamoo. Mimi na mume wangu ni Waislamu, chakula tutapata?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mtapata. Lisbon nendeni Martim Moniz na Mouraria, migahawa ya Wabangladeshi yenye halali imejaa. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha. Muwe macho na supu ya caldo verde: inaonekana ya mboga tu, lakini huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Samaki wa kuchoma hana shaka. Mkienda Juni, Magharibi ni baada ya saa tatu usiku, pangeni chakula ipasavyo.

Mwanachama, Mombasa: Sisi ni wazee, tumepita 65. Milima ya Lisbon tutaiweza?
Jibu: Mnaweza, wazee wangu. Mtaa wa Fanqueiros kuna lifti ya bure ndani ya jengo, mnapanda, mnatembea kidogo, mnapanda lifti ya pili hadi karibu na ngome ya São Jorge. Na treni za CP hutoa punguzo la nusu kwa wenye miaka 65 na zaidi, onyesheni pasipoti.

Mwanachama, Nairobi: Mezani tuliletewa mkate na zeituni ambazo hatukuagiza, kisha tukalipishwa. Ni wizi?
Jibu: Si wizi, ndugu. Ukila unalipa, usipogusa hulipi. Mkatae mapema, hawanuni. Na msishangae kodi ya utalii hotelini: Lisbon ni yuro 4 kwa kila mtu kwa usiku.

Mwanachama, Dodoma: Sisi ni wachumba tu. Hoteli wataomba cheti?
Jibu: Hawaombi, wanataka pasipoti tu. Kwenye viza lakini kila mmoja ajitegemee kwa nyaraka zake, na aonyeshe kazi yake na kinachomrudisha nyumbani.