Somo: Makopo matatu ya kupima udongo wenye gugu karoti

Wakulima wenzangu wa Arusha, gugu karoti (Parthenium), gugu vamizi lenye majani kama ya karoti, liliripotiwa huku kwetu mwaka 2010, na sasa limejaa kandokando ya barabara na kwenye malisho. Tunalifyeka na kuona tumemaliza. Mimi linaniuma zaidi linapoingia chini: mizizi na majani yake yanayooza huacha sumu iitwayo partenini, inayozuia mbegu za mimea mingine kuota. Jipimie mwenyewe.

Vaa glovu na barakoa kwanza. Gugu hili huwasha ngozi na kuamsha pumu.

Tafuta makopo matatu ya rangi yaliyooshwa vizuri, yatoboe chini. La kwanza jaza udongo wa chini ya gugu. La pili, udongo wa shamba hilohilo, hatua kumi kutoka hapo, pasipo na gugu. La tatu, udongo kama wa la pili, uchanganye na konzi mbili za majani mabichi ya gugu ambalo bado halijachanua. Usiliruke hili la tatu. Gugu karoti hupenda ardhi iliyochoka, hivyo kopo la kwanza peke yake halikuambii kama gugu ndilo lililoharibu udongo au liliukuta hivyo.

Panda maharage kumi kila kopo, maji kipimo kimoja. Siku ya kumi hesabu yaliyoota. Wiki ya tano ng'oa taratibu, suuza mizizi kwenye beseni, upasue kwa kucha vinundu, yaani vivimbe vidogo vya kwenye mizizi. Vikiwa vyekundu ndani, vinatengeneza naitrojeni, chakula cha mmea. Kwangu Ngaramtoni, kopo la tatu lilitoa vinundu vichache, vyeupe.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Majani mabichi yoyote yakioza udongoni si yanaweza kusumbua mimea kwa muda? Utajuaje ni sumu?

Marahaba mwanangu, umenisahihisha. Ongeza kopo la nne, lenye konzi mbili za nyasi za kawaida. Tofauti kati ya la tatu na la nne ndiyo ya gugu.

Naweza kulifanya mboji?

Likishachanua, hapana kabisa. Mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo hukaa ardhini miaka kadhaa. Ling'oe na mzizi udongo ukiwa na unyevu, kabla ya maua.

Ng'ombe wangu amelila, maziwa yamekuwa machungu.

Ndilo hilo, dada. Mtoe kwenye hayo malisho leo, na umwite mtaalamu wa mifugo amwangalie.